Mnunuzi wa Nyumba ya Vioo

Mnunuzi wa saba hakufika hata kitandani. Alisimama katikati ya sebule, akatazama juu, akatazama chini, akalitazama ziwa lililojaa ukuta mzima mbele yake, kisha akageuka.

"Maman," akasema, "na nyumba yenyewe iko wapi?"

Feza akamjibu kwamba ndiyo hiyo, amesimama ndani yake. Mtu huyo alikuwa Évariste, mkuu wa shule, mwenye adabu zake, kwa hiyo alicheka kidogo tu. Alipofika mlangoni ndipo alipotoa la moyoni. Nyumba za watu, alisema, zinainamisha paa, zinafunika waliomo. Hii imenyanyua mabawa huku na huku na kubonyea katikati, utadhani kiganja cha ombaomba.

"Mimi kulala chini ya paa ya kuomba? Tutakosa hata chumvi, maman. Unisamehe."

Nyuma ya pazia la vitenge mtu akacheka. Feza hakugeuka. Kicheko hicho alikijua kama mtu anavyolijua jino lake bovu. Kilikuwa cha Lucien, mdogo wa marehemu mumewe.

Tuseme kweli: nyumba ile ilikuwa kituko, na aliyeibuni hakumuuliza mtu wa Bukavu hata mmoja. Ilisimama Muhumba, kwenye mteremko wa kushukia ziwani, juu ya nguzo nyembamba za saruji ambazo kila mgeni alizitikisa kwanza kabla ya kupanda ngazi. Upande wote wa mbele ulikuwa kioo, kuanzia sakafuni hadi darini. Ndani hapakuwa na kuta, ila za kichumba kimoja cha akiba. Jiko lilikuwa palepale sebuleni, limetengwa kwa kimeza cha saruji kisichomfikia mtu kifuani, na kitanda cha wenye nyumba kilikaa juu ya jukwaa la ngazi tatu, wazi kabisa, kama altare. Mlango ulikuwa mmoja. Mzungu aliyeijenga mwaka 1956 alisema hiyo ndiyo nyumba ya kesho. Kesho ikaja, ikapita, na watu wakaendelea kutaka kuta.

Kabla ya Évariste, karani wa benki alikuja na mkewe Constance, na huyo mke akalitazama jiko kama mtu aliyetukanwa. "Mugeni anakaa pale, mimi niko napika hapa? Atahesabu nyama mu sufuria!" Mwingine alipenda ziwa, alipenda upepo, akapenda hata paa, mpaka alipokumbuka kwamba anaishi na mama mkwe wake. Kwao mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Akimwona anakuja, anapinda njia. "Sasa humu nitapinda wapi?" aliuliza. "Mu ziwa?" Akaondoka akisikitika.

Honoré peke yake ndiye aliyeipenda. Alikuwa mchora ramani katika ofisi ya yule Mzungu, na kila mstari wa nyumba ile ulipita mkononi mwake. Mwaka 1967, mamluki walipokwisha kuuharibu mji, Mzungu akafunga mizigo na kumuuzia kwa bei ya kutupa. Kwa miaka kumi na minne Feza alikuwa akitundika vitenge kwenye vioo asubuhi, na Honoré akivishusha jioni ili aone maji. Ugomvi wao ulikuwa huo tu. Feza hakuipenda nyumba ile hata siku moja. Alimpenda mwenyewe, na mwenyewe akafa kwa figo hospitalini mwaka 1981, bila kumwachia mtoto wa kumsemea.

Msiba ulipoisha, Lucien alikuja kudai urithi wake. Si nyumba, mjane. Alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, mtu mnene mwenye sauti ya sokoni, na mke wake alikuwa kule Kasha akilea watoto sita. Feza akamwambia mbele ya wazee wa ukoo kwamba afadhali aolewe na mbuzi, maana mbuzi akishiba hunyamaza. Watu walicheka. Lucien hakucheka, na hakusahau.

Basi Muzee Philémon, baba mdogo wa marehemu, ndiye aliyeamua. Alikuwa katekista mstaafu wa Kabare, na akisema jambo alilisema mara moja. Nyumba iuzwe. Nusu iwe ya mjane, akajenge kwao, kisiwani Idjwi. Nusu iwe ya ukoo kwa mkono wa Lucien. Mpaka siku hiyo wote wawili wana haki ya kukaa humo, na atakayehama kabla haijauzwa amejitoa mwenyewe. Muzee alidhani amewatendea haki. Kumbe alikuwa amewafungia paka na panya katika chupa moja.

Lucien alihamia wiki ileile. Alifunga kamba katikati ya sebule, akaning'iniza vitenge vya Feza mwenyewe, akasema upande wa kitanda ni wake. Feza akahamia depo, kichumba cha kuwekea unga na maharagwe, kwa sababu ndicho pekee kilichokuwa na kuta nne na ufunguo. Alilala kati ya magunia miaka miwili. Alimsikia Lucien akikohoa, akitafuna, akijikuna. Kila asubuhi Lucien alipitisha kichwa kwenye pazia na kumuuliza swali lilelile.

"Shemeki, haujachoka?"

"Nitachoka siku ya kukuzika," Feza alikuwa akimjibu, na kuendelea kupepeta maharagwe yake.

Lakini alikuwa akichoka. Hilo ndilo lililomtia hofu. Nyumba isipouzwa, njia zake zilikuwa mbili tu: kurudi Idjwi mikono mitupu akawe mzigo kwa kaka yake, au kupanda zile ngazi tatu hadi kitanda cha Lucien. Na Lucien hakuwa na haraka. Kila mnunuzi aliyekimbia alimsogeza Feza hatua moja kuelekea ngazi hizo, na wasiokimbia wenyewe aliwasaidia kukimbia. Mgeni akija, atamkuta Lucien kwa singileti katikati ya sebule, anaosha miguu kwenye beseni. "Ingia, ingia," atasema. "Pole, usikanyage pale. Pale njo ndugu yangu alikufiaka." Honoré hakufia pale. Lucien alijua hivyo vizuri, maana ndiye aliyeibeba maiti kutoka hospitalini. Daktari mmoja wa utafiti, aliyetoka Lwiro akiwa na picha za nyumba za namna hiyo katika gazeti lake, aliambiwa kwamba nguzo zinatembea kila mvua ikinyesha. Hakurudi.

Ndipo akaja Almasi.

Almasi alikuwa mtu wa Kamituga, na tangu serikali iruhusu dhahabu kununuliwa wazi wazi mwaka uliotangulia, alikuwa amenenepa haraka. Alivaa abakosti, ile suti isiyo na tai, ya rangi ya majivu, akatembea nyumba nzima, kisha akasimama mbele ya kioo.

"Kutoka hapa mutu anaona kila mwenye kupanda barabara?"

"Kila mutu," Feza akasema. "Hata kuku."

"Basi iko nyumba yangu. Mimi batu wanakuyaka kuniiba. Nataka kubaona mbele hawajafika."

Lucien akatoka na beseni lake. Akamwonyesha pale alipofia ndugu yake. Almasi akasema hakuna nyumba isiyofiwa. Lucien akalisema paa, Almasi akasema bati haliombi. Lucien akataja nguzo. Almasi akainama, akazigonga kwa pete yake, akasema amekwisha kuona mashimo ya dhahabu yanayosimamishwa na miti ya mparachichi na watu wanaingia. Feza alitazama maneno yakimwishia Lucien mdomoni, moja baada ya lingine, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili akasikia njaa ya kweli.

Almasi alikuwa na sharti moja. "Nilinunuaka parcelle ya nyumba Kadutu. Kisha mwezi tatu, ndugu wa marehemu wakatokea, wanne, na mapanga. Nyumba ya familia yenye kugombana, mimi sitaki tena. Jumamosi muite bazee. Familia yote ikunywe pombe mbele yangu, kibuyu kimoja. Mwenye hatakunywa, nitajua iko na neno ku roho."

Feza alitazamia Lucien akatae. Lucien akatabasamu.

"Vizuri sana, citoyen. Na pombe nitaleta mimi mwenyewe."

Tangu hapo akawa mtu mwingine. Alivaa shati. Alimwaga maji ya beseni mwenyewe. Alimsalimu Feza kwa upole, akauliza kama amelala vizuri. Na Feza, ambaye matusi ya mtu yule hayakuwa yakimnyima usingizi, sasa akaanza kuogopa kweli.

Siku ilipofika, Muzee Philémon alikuja na wazee wawili wa ukoo. Almasi aliketi karibu na kioo. Lucien akaingia na bidon la kasiksi, pombe ya ndizi iliyokuwa ikinukia nyumba nzima, na kibuyu kimoja cha zamani cha kwao. Feza alikuwa nyuma ya kimeza cha jiko akifuta bilauri, na alimwona mwanzo hadi mwisho: alivyofungua bidon, alivyomimina, alivyopangusa mdomo wa kibuyu kwa kiganja. Katika nyumba ile hapakuwa na pa kuficha hata ukucha. Pombe ilitoka kwenye bidon ikaingia kwenye kibuyu, basi.

Lucien akakinyanyua kwa mikono miwili. Badala ya kumgeukia mgeni, akamgeukia Feza.

"Shemeki, kunywa wa kwanza. Wewe njo mama wa hii nyumba."

Wale wazee wawili wakaketi vizuri. Muzee Philémon akakunja uso. Feza akaelewa yote kwa mara moja. Katika ukoo wa Honoré, mjane akipokea kibuyu kutoka mkononi mwa ndugu wa marehemu, mbele ya wazee, akanywa, amejibu. Hakuna maneno mengine. Anakwenda kwake. Ndiyo maana Lucien alitaka kuleta pombe mwenyewe. Akinywa, nyumba imeuzwa naye ameuzwa nayo, nusu yake itaingia mfukoni mwa mume wake mpya. Asiponywa, Almasi ananyanyuka, na baada ya Almasi hayuko mwingine.

Almasi, mtu wa mbali, hakujua lolote. Alikuwa akingoja tu.

"Kunywa, shemeki," Lucien akasema tena, na kumsogezea kibuyu karibu, meno yote nje. "Batu beko nangoja."

Feza akayatazama yale meno. Miaka miwili ya magunia ilimrudia: makohozi, beseni, "shemeki, haujachoka?" Alimchukia mtu huyu kwa moyo wake wote, na katika chuki hiyo akaona kile ambacho Lucien, kwa pupa yake, hakukiona.

Katika nchi ile hata mtoto wa miaka mitano anajua: anayetoa pombe anaonja kwanza. Mama anaonja akimpa mwanawe, bwana harusi anaonja akimpa baba mkwe. Si kwa kiu. Ni kuonyesha kwamba ndani hamna karuho, ile sumu ya kuwekewa ambayo watu wa Kivu wanaiogopa kuliko vita. Lucien alikuwa amepitisha vibuyu sokoni miaka ishirini na hakuwahi kusahau. Siku hiyo mawazo yake yote yalikuwa kwenye mikono ya Feza, na akasahau.

"Haukuonja," Feza akasema.

"Nini?"

"Niko nasema haukuonja, Lucien. Unanipatia mbele ya kuonja." Akaweka bilauri chini. "Na Honoré, ulimupatiaka vile vile?"

Kiti cha Almasi kikarudi nyuma kwa kelele. Mmoja wa wale wazee akajishika mdomo kana kwamba ameshakunywa.

Uso wa Lucien ukageuka rangi ya majivu. Akapaza sauti, akaapa kwa mama yake, akainua kibuyu na kukibugia chote mpaka pombe ikamchuruzika kifuani. "Angalieni! Nimekunywa! Niko mufu? Niko mufu?"

"Umeonja nyuma ya kuulizwa," Muzee Philémon akasema polepole. "Ile haiko kuonja, mwanangu. Ile ni kujitetea."

Almasi alikuwa ameshafunga kifungo cha abakosti. "Bazee, mimi nilikuya kutafuta nyumba. Kifo nikikitaka, kiko bure kule mu mashimo ya Kamituga." Akashuka ngazi, na kwa kuwa nyumba ilikuwa kioo, wote walimtazama akienda hadi garini, hakugeuka hata mara moja.

Feza akabaki amesimama. Alijua pombe ilikuwa safi. Alijua Honoré alikufa kwa figo zake mwenyewe. Aliona haya, ndiyo, tusimpake mafuta. Lakini furaha ilikuwa kubwa kuliko haya, na hakujaribu kuipunguza. Nyumba ilikuwa imekosa mnunuzi tena, na safari hii kwa mdomo wake.

Kufikia Jumapili mji mzima ulikuwa na habari. Mtu wa Kamituga alikuwa amewasimulia wenzake, wale wazee wawili walikuwa wamewasimulia wake zao. Juma lililofuata Lucien alipeleka fahali watatu kwenye soko la Mudaka. Akapatana bei na mtu, akaonja pombe, akatoa kibuyu kama kawaida. Yule mtu akakipokea, akakinusa, akakiweka chini taratibu, akasema amekumbuka ana kikao cha kamati. Wa pili alisema tumbo lake bovu. Wa tatu aligeuza mgongo. Na kule ng'ombe hauzwi bila kibuyu, kama vile mtoto habatizwi bila maji. Soko la pili likawa hivyohivyo. La tatu, hata watu wa kumsalimu walimpa kiwiko badala ya mkono.

Mwisho akaenda kwa Muzee Philémon akilia, mtu mzima wa kilo mia. Muzee akaagiza Feza aitwe, akawaketisha pande mbili za kizingiti chake.

"Feza, ulimushitaki kwa sumu?"

"Hapana, baba. Niliuliza kama ameonja."

Alikuwa amesikiliza siri za watu wengi, huyo mzee, na pengine aliyaelewa hata yasiyosemwa. Kisha akamgeukia Lucien.

"Wewe ulifukuza banunuzi saba. Wa munane amekimbia juu yako. Hakuna mutu tena atakanyaga kule. Basi nyumba utanunua wewe."

"Mimi? Ile nyumba? Nitaifanya nini? Bibi yangu hataki hata kuiona!"

"Ulikuwa unaipenda, miaka mbili haukutoka mo." Muzee hakuwa akicheka. "Utamupa Feza ng'ombe kumi na mbili, ya maziwa, siyo yale mafupa yako ya soko. Kisha mutakunywa pamoja Mudaka, siku ya soko. Yeye njo muuzaji: ataonja yeye, utapokea wewe. Batu wakiona umekunywa ku mukono yake bila neno, jina yako itarudi. Hautaki? Basi enda ule ng'ombe zako mwenyewe."

Lucien alipigania apunguziwe ng'ombe wawili, akapigania mmoja, akakubali. Hakuna aliyemtaka Feza aseme kitu. Kumi na wawili walitosha kwa shamba, nyumba ya matofali Idjwi, na mlango wa nyuma. Aliutaka sana huo mlango wa nyuma.

Siku ya soko ilikuwa na jua kali. Wachuuzi wote wa Mudaka walijipanga kuwatazama, na wake zao nyuma yao, na hata wauza chumvi waliacha mizani. Ng'ombe wa Feza walikuwa tayari wamefungwa pembeni, wakingoja kushushwa ziwani. Mtumbwi wa injini wa Idjwi ulikuwa umekodiwa. Muzee Philémon akasema maneno machache juu ya amani katika ukoo. Lucien alikuwa amevaa suti yake ya harusi. Alitabasamu kwa kila mtu, jasho likimtiririka.

Feza akakishika kibuyu. Akaonja kwanza, funda refu, ili hata walio mwisho waone koo lake likishuka. Watu wakaguna kwa kuridhika. Akampa Lucien kwa mikono miwili, na Lucien akakipokea kwa mikono miwili, akakileta mdomoni, akafumba macho kama mgonjwa anayefikia maji.

Hapo Feza akamwinamia, kama shemeji anayemtakia heri, na kumwambia sikioni:

"Ile ya siku ile ilikuwa safi, Lucien. Nilikuona tangu bidon. Ilikuwa safi kabisa."

Macho ya Lucien yakafunguka juu ya ukingo wa kibuyu. Pombe ilikuwa imeshamjaa mdomoni. Soko zima lilikuwa likimtazama. Akiitema, ni karuho. Akipiga kelele, nani atamsadiki?

Akameza. Watu wakapiga makofi, na Feza akaenda kufungua ng'ombe wake.